Gari linalotetemeka kwenye kasi fulani: namna ya kuusoma mtetemo kabla ya kufungua nati

Malalamiko haya hufanana karibu kila mara. Gari linakwenda vizuri hadi kilomita 80 kwa saa, likikaribia 95 usukani unaanza kucheza mikononi, na likivuka 115 hali inatulia kana kwamba hapakuwa na tatizo lolote. Mwenye gari anazipeleka tairi kufanyiwa balansi, yaani kusawazishwa uzito, mtetemo unabaki. Anafanya wili alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, mtetemo unabaki. Anaambiwa shokapu zimekufa, ananunua mpya, na mtetemo unapungua kwa siku chache kisha unarudi. Kufikia hapo fedha nyingi zimekwisha kutumika, na bado hakuna aliyeuliza swali ambalo lilipaswa kutangulia mengine yote: mtetemo huu unafuata nini?

Swali hilo lina uzito kwa sababu mtetemo unaojitokeza kwenye kasi fulani hutoka, karibu kila mara, kwenye kitu kinachozunguka, na vitu vinavyozunguka ndani ya gari havizunguki kwa kasi moja. Magurudumu yana mwendo wake, propela shafti, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu ya injini nyuma ya gari, ina mwendo wake, na injini ina mwendo wake ambao hubadilika kila gia inapobadilishwa hata kama gari limebaki kwenye kasi ileile. Kwa hiyo mtetemo huja na utambulisho wake, yaani idadi ya mapigo kwa sekunde, na anayeweza kuusoma utambulisho huo hupunguza orodha ya washukiwa kutoka ishirini hadi watatu au wanne kabla hajagusa spana.

Hesabu ndogo inayofungua mlango

Tuchukue tairi yenye maandishi 205/55 R16, ambayo ni saizi ya kawaida kwenye magari madogo. Rimu yake ina kipenyo cha inchi 16, sawa na milimita 406, na ukuta wa tairi ni asilimia 55 ya upana wa milimita 205, yaani karibu milimita 113 juu na kiasi hichohicho chini. Ukijumlisha unapata kipenyo cha milimita 632 hivi, na mzingo wa karibu mita mbili kamili. Maana yake ni kwamba kila gari linaposogea mita mbili, gurudumu limezunguka mara moja.

Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa husogea karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo gurudumu hilo huzunguka mara 14 kwa sekunde. Kwenye kilomita 80 huzunguka mara 11. Ikiwa upande mmoja wa gurudumu ni mzito kuliko mwingine, utapata pigo moja kwa kila mzunguko, yaani mapigo 14 kwa sekunde kwenye kilomita 100. Ikiwa tairi imeharibika umbo na kuwa kama yai, ina vilele viwili, nayo itapiga mara 28.

Propela shafti, kwa magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, hupeleka nguvu kwenye difu, yaani gia za kwenye ekseli, kabla haijafika kwenye magurudumu. Difu yenye uwiano wa 4 kwa 1 inamaanisha kwamba shafti inazunguka mara nne kila gurudumu linapozunguka mara moja, hivyo kwenye kilomita 100 inazunguka mara 56 kwa sekunde. Injini inayozunguka mara 2,400 kwa dakika inazunguka mara 40 kwa sekunde, na ikiwa ni ya silinda nne, ambapo kila silinda huwaka mara moja kwa mizunguko miwili, inawasha mafuta mara 80 kwa sekunde.

Mwili wa binadamu hutofautisha makundi haya bila kifaa chochote. Mapigo 10 hadi 20 kwa sekunde husikika kama mtikisiko wenyewe: usukani unaonekana ukicheza, maji ndani ya chupa yanatikisika, kidevu cha abiria kinatetema. Mapigo 30 hadi 60 huja kama ganzi inayowasha kwenye nyayo na kwenye kiti. Yakizidi hapo, sikio huchukua kazi, na kinachosikika ni mvumo mzito unaojaza gari. Mtu anayesema gari lake “linatikisika” na mtu anayesema gari lake “linavuma” wanaeleza matatizo ya familia mbili tofauti, na fundi asiyewasikiliza kwa makini huyachanganya.

Siku hizi simu ya mkononi ina kihisi cha mwendo, na zipo programu zinazosoma mtetemo na kuonyesha idadi ya mapigo kwa sekunde, kipimo kinachoitwa hezi. Simu ikifungwa imara kwenye reli ya kiti, si kulazwa kwenye sponji, abiria anaweza kusoma namba wakati dereva anashikilia kasi moja. Ukipata 14 kwenye kilomita 100, unajua ni gurudumu. Ukipata 56, unaacha kuhangaika na tairi. Ninaipenda sana njia hii kwa sababu huumaliza ubishi.

Kwa nini 95, na si 50?

Hapa ndipo watu wengi hupotea, nami naomba tukae kidogo. Dereva akiona gari linatetemeka kati ya kilomita 85 na 110 tu, hudhani kuna kitu kinachoharibika kwenye kasi hizo na kupona kwenye kasi nyingine. Hakuna kitu cha namna hiyo. Gurudumu lisilo na uzito sawa halina uzito sawa muda wote, hata linapokwenda kilomita 30, na nguvu inayotokana na kasoro hiyo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi: kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Gramu 30 zilizozidi kwenye ukingo wa rimu, sentimita 20 kutoka katikati, huvuta ekseli kwenye kilomita 50 kwa nguvu inayozidi kidogo uzito wa kilo moja. Kwenye kilomita 100 huvuta kwa nguvu inayozidi kilo nne na nusu, kwa mwelekeo unaobadilika mara 14 kila sekunde.

Lakini kipeo cha pili peke yake hakielezi kwa nini mtetemo unatulia kwenye kilomita 120, ambako nguvu ni kubwa zaidi. Kinachoeleza ni mwitiko. Gurudumu, habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa), breki na mikono ya chini vimekaa kati ya springi mbili: springi ya gari juu, na hewa ya tairi chini, ambayo nayo ni springi ngumu. Mfumo kama huo una mdundo wake wa asili, kama bembea ilivyo na mwendo wake. Ukiisukuma bembea kwa wakati unaolingana na mwendo huo, hata kwa kidole, itapanda juu sana, na ukiisukuma ovyo, hata kwa nguvu, haitapanda. Kwa magari mengi mdundo huo wa magurudumu uko kati ya mapigo 10 na 15 kwa sekunde. Rudi kwenye hesabu yetu ya mzingo wa mita mbili: mapigo 10 ni kilomita 72 kwa saa, na mapigo 15 ni kilomita 108. Ndiyo sababu malalamiko ya watu wasiofahamiana, wenye magari tofauti, huangukia kwenye eneo lilelile la kasi.

Kwa hiyo kasi ambayo mtetemo unasikika inakueleza zaidi kuhusu springi na uzito wa gari lako kuliko kuhusu kasoro yenyewe. Kasoro ni ile nguvu ndogo inayosukuma. Kasi ni mahali ambapo gari linakubali kuitikia. Na mtetemo unapofifia kwenye kilomita 120, nguvu ile bado inagonga beringi, bushi (raba za viungo) na boljointi (viungo vya duara vya magurudumu) kwa ukali zaidi, isipokuwa wewe huisikii tena.

Maelezo haya yanatatua pia kitendawili cha shokapu. Shokapu iliyochoka haizalishi mtetemo wa mara 14 kwa sekunde, kwa kuwa haizunguki, lakini kazi yake ni kuzima mdundo ule wa asili. Ikichoka, kasoro ndogo ya tairi ambayo zamani haikusikika huanza kusikika. Ukiweka mpya, mtetemo unapungua kwa muda, na kasoro inabaki palepale. Vivyo hivyo bushi za usukani zilizolegea na raba za injini zilizopasuka: ni njia inayopitisha mtetemo, na kuziba njia ni jambo jema, lakini chanzo ndicho kinachopaswa kupatikana kwanza.

Majaribio ya barabarani

Kinachofuata kinahitaji barabara nyoofu, tambarare, isiyo na magari mengi, pamoja na mtu wa pili wa kuandika. Kabla ya kuondoka, zunguka gari. Kagua upepo wa tairi zote, pitisha kiganja kwenye kuta za tairi pande zote mbili, na hakikisha nati za magurudumu zimekaza. Tairi yenye uvimbe haifanyiwi majaribio, na gari lililoanza kutetemeka ghafla muda mfupi baada ya magurudumu kufunguliwa na kufungwa lisimamishwe mara moja, kwa kuwa dalili hiyo mara nyingi ni ya nati zinazojifungua zenyewe, na kinachofuata ni gurudumu kuchomoka.

Jaribio la kwanza ni kushikilia kasi ile ya mtetemo, kisha kubadilisha gia bila kubadilisha kasi. Gari la gia za mkono litoke gia ya tano hadi ya nne. La otomatiki lishushwe gia moja kwa kutumia kichagua gia. Injini sasa inazunguka kwa kasi zaidi, lakini magurudumu na propela shafti havijui kilichotokea. Mtetemo ukibaki vilevile, umeiondoa injini, klachi na sehemu ya mbele ya gia boksi kwenye orodha kwa tendo moja la sekunde mbili. Ukibadilika au kupotea, tafuta upande wa injini, na unaweza kuthibitisha gari likiwa limesimama, kwa kuipandisha injini polepole hadi mizunguko ileile na kuona kama gari linatetemeka.

Jaribio la pili ni kuachia mafuta. Pita kidogo juu ya kasi ya mtetemo, kisha inua mguu kabisa na uliache gari lishuke lenyewe. Kwenye gari la gia za mkono unaweza kukanyaga klachi kwa sekunde chache. Mtetemo wa tairi na rimu hauujali mguu wako. Ikiwa mtetemo unakuja tu unapokanyaga mafuta, hasa kwenye mlima au gari likiwa na mzigo, na unakatika papo hapo unapoachia, basi unatoka kwenye vitu vinavyobeba nguvu, kama sivi jointi (viungo vya shafti za magurudumu), krosi za propela (viungo vya msalaba kwenye ncha zake), au raba za injini na gia boksi.

La tatu ni breki. Ikiwa gari limetulia hadi pale unapogusa breki, kisha usukani unacheza na pedali inapigapiga chini ya mguu, tatizo liko kwenye diski au ngoma, na huna sababu ya kuendelea na mengine.

Mahali unaposikia mtetemo nako kunasaidia, ingawa nashauri kutokuamini kupita kiasi. Usukani ukicheza, elekea mbele. Kiti na sakafu vikitetemeka huku usukani umetulia, elekea nyuma au katikati. Hata hivyo, bodi ya gari ni kipande kimoja cha chuma, na kuna magari ambayo tairi ya nyuma husikika kwenye kioo cha mbele. Uthibitisho mzuri na usio na gharama ni kubadilishana magurudumu ya mbele na ya nyuma, ikiwa saizi zinalingana (tairi zenye mwelekeo maalumu wa kuzunguka zibaki upande uleule wa gari), kisha kurudi kwenye barabara ileile. Mtetemo ukihama kutoka usukani kwenda kwenye kiti, umelishika gurudumu lenye hatia.

Kuna hali moja ambayo huwakatisha tamaa hata mafundi wenye uzoefu. Dereva anashikilia kilomita 100 bila kubadilika, mtetemo unakuja, unakolea, unafifia, unapotea, na baada ya nusu dakika unarudi. Fundi akijaribu kwa dakika moja anaweza kuona gari zima kabisa. Hapo kwa kawaida kuna magurudumu mawili yenye kasoro, si moja. Tairi mbili hazilingani kikamilifu kwa kipenyo. Zikitofautiana kwa mbili kwa elfu tu, moja itazunguka mara 14 kwa sekunde na nyingine itapishana nayo taratibu, hivi kwamba kila baada ya sekunde 36 hivi mapigo yao yanalingana na kusaidiana, kisha yanapingana na kufutana. Kona nayo huupanga upya mpishano huo, kwa kuwa gurudumu la nje huzunguka zaidi kuliko la ndani. Anayelalamika kuhusu mtetemo wa aina hii hasemi uongo, na anastahili kupewa safari ndefu ya majaribio.

Magurudumu: pale balansi inaposema sifuri na gari linakataa

Mtetemo ukifuata kasi ya gari bila kujali gia, mafuta wala breki, magurudumu ndiyo washukiwa wakuu, na balansi ndiyo hatua ya kwanza. Kasoro ya uzito ina sura mbili. Ya kwanza ni uzito uliozidi kwenye mstari wa katikati wa tairi, ambao hulifanya gurudumu liruke juu na chini. Ya pili ni uzito uliozidi upande wa ndani mahali pamoja na upande wa nje mahali pa mkabala, ambao hulifanya gurudumu liyumbe kushoto na kulia na kuuzungusha usukani huku na huku. Ndiyo sababu risasi za balansi, yaani vipande vidogo vya uzito, hubandikwa pande zote mbili za rimu, na gurudumu lililobandikwa upande mmoja tu kwa haraka linaweza kuwa limetibiwa sura moja na kuachiwa nyingine. Kagua pia kama kuna alama ya gundi mahali risasi ilipodondoka, na kama tope limekaukia ndani ya rimu, maana donge la tope lenye ukubwa wa yai linatosha kabisa kuharibu kazi yote ya mashine.

Tatizo linalostahili kuelezwa kwa kirefu ni gurudumu linalotoka kwenye mashine likiwa na sifuri mbili, moja kwa kila upande wa rimu, na bado likatetemeka kwenye gari. Mashine ya kawaida hulizungusha gurudumu hewani, bila uzito wa gari juu yake. Inapima mgawanyo wa uzito, basi. Haioni kama tairi ni ya duara, haioni kama ukuta mmoja ni mgumu kuliko mwingine, na haioni jinsi gurudumu litakavyokaa kwenye habu.

Tuanze na duara. Gari likiinuliwa na kukalishwa kwenye stendi imara, weka kitu chenye ncha karibu na uso wa tairi, zungusha gurudumu polepole kwa mkono, na tazama nafasi kati ya ncha na mpira inavyopanuka na kupungua. Kwa tairi na rimu kwa pamoja, tofauti inayozidi milimita moja hadi moja na nusu inatosha kutilia shaka. Kisha fanya hivyohivyo kwenye ukingo wa rimu, ili ujue kama kilichopinda ni chuma au mpira. Rimu iliyoingia shimoni mara nyingi hupinda upande wa ndani, ambao hauonekani gari likiwa limesimama chini. Ikiwa rimu na tairi kila kimoja kina kilele chake kidogo, fundi anaweza kuizungusha tairi juu ya rimu ili kilele cha kimoja kikutane na bonde la kingine, na mara nyingi hatua hiyo inamaliza tatizo bila kununua chochote.

Ugumu usio sawa wa ukuta wa tairi ni mgumu zaidi kuugundua, kwa sababu tairi inaweza kuwa duara kamili ikiwa hewani na kuwa na kilele inapobeba mzigo. Zipo mashine za balansi zenye rola inayoikandamiza tairi wakati inazunguka, zikiiga uzito wa gari, na hizo ndizo zinazoweza kuuona. Mahali zisipopatikana, kubadilishana magurudumu moja moja na lile lisilo na lawama kutoka gari lingine la aina hiyohiyo hutoa jibu.

Kisha kuna habu. Rimu ambazo hazikuja na gari hutobolewa tundu kubwa la katikati ili zitoshe magari mengi, kwa mfano milimita 73.1, wakati habu ya gari ina kipenyo cha milimita 60.1. Nafasi inayobaki inapaswa kujazwa na pete maalumu. Pete hiyo isipokuwepo, rimu inaning’inia kwenye nati pekee, na inaweza kukaa nje ya katikati kwa nusu milimita. Nusu milimita inaonekana si kitu, lakini fanya hesabu: gurudumu la kilo 18 lililohama nusu milimita lina kasoro sawa na kubandika gramu 45 kwenye ukingo wa rimu, na mashine ya balansi haiwezi kuliona kwa sababu yenyewe hulishika gurudumu kwa koni iliyo katikati kabisa. Kutu na mchanga kwenye uso wa habu huleta madhara ya namna hiyo kwa kulilaza gurudumu upande. Ndiyo maana habu inapaswa kusuguliwa kwa brashi ya chuma, na nati kukazwa kwa mtindo wa nyota, moja na iliyo mkabala wake, gurudumu likiwa bado halijabeba uzito, kisha kumaliziwa kwa spana ya kipimo, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kukaza nati zote kwa bunduki ya upepo, moja baada ya nyingine kwa kuzunguka, ni tabia mbaya, na nasema hivyo bila kusita.

Tairi yenyewe inaweza kuwa inakufa. Nyuzi za chuma zilizo chini ya mpira zikianza kuachana, tairi huvimba sehemu moja, na dalili yake ya mapema ni kuyumba kwa gari zima kwenye kasi ndogo ya kilomita 20 hadi 50, kama mtu anayechechemea. Dalili hiyo haisubiri kesho, tairi itolewe. Kinyume chake, gari lililoegeshwa wiki kadhaa linaweza kutetemeka kwa kilomita chache za kwanza kwa sababu tairi imelala upande mmoja, kisha likapona lenyewe tairi zinapopata joto. Na tairi iliyolika kwa mabonde, unayoyahisi ukipitisha kiganja, inashuhudia shokapu iliyochoka au magurudumu yasiyonyooka. Kuhusu hilo la mwisho, wili alaimenti haiondoi mtetemo. Kazi yake ni kuzuia gari kuvuta upande na tairi kulika, na ikifanywa baada ya tairi kuharibika, gari litanyooka huku likiendelea kutetemeka.

Beringi ya gurudumu iliyochakaa huleta zaidi mngurumo kuliko mtikisiko, na mngurumo huo hubadilika gari linapoegemea kwenye kona.

Nguvu inapoelekea kwenye magurudumu

Kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, mtetemo unaokuja chini ya mafuta na kuondoka unapoachia huelekeza kwenye sivi jointi ya ndani, ile iliyo karibu na gia boksi. Kwa kawaida ina rola tatu zinazoteleza kwenye mifereji. Mifereji ikichimbika, rola hukwama na kuachia, na gari hutikisika kushoto na kulia mara tatu kwa kila mzunguko wa gurudumu. Jointi ya nje ina tabia nyingine: yenyewe hugonga “tak-tak-tak” unapokata kona kali. Watu wengi hubadilisha ya nje kwa sababu ndiyo inayoonekana, na mtetemo hubaki.

Propela shafti yenye krosi ina tabia ya ajabu kidogo. Krosi ikifanya kazi kwa pembe, shafti haizunguki kwa mwendo sawa, bali huharakisha na kupunguza mara mbili kwa kila mzunguko, na ile krosi ya upande wa pili ipo ili kufuta kosa hilo. Hufuta tu ikiwa pembe zote mbili zinalingana na uma za shafti zimepangwa kwenye mstari mmoja. Ukiinua gari kwa springi ndefu, ukafunga shafti bila kuweka alama ya mahali ilipokuwa, au raba ya beringi ya katikati ikachanika, ulinganifu unavunjika na sakafu inaanza kuvuma hata krosi zikiwa mpya. Alama ya chaki kabla ya kufungua nati nne za shafti inaokoa siku nzima.

Kwenye gia boksi za otomatiki kuna mtetemo unaofanana na kupita juu ya matuta madogo madogo, kwenye kasi ya kati na mguu ukiwa mwepesi. Mara nyingi ni klachi iliyo ndani ya konveta, kifaa kinachounganisha injini na gia boksi, inayojaribu kushika na kuteleza. Ukiwa kwenye hali hiyo, gusa breki kidogo sana bila kuachia mafuta: klachi ile huachia, na mtetemo ukikatika wakati uleule umepata jibu. Mafuta ya gia boksi yaliyochoka au yasiyo ya aina sahihi ni mshukiwa wa kwanza, na ni ya bei nafuu kuliko konveta.

Injini yenye silinda moja isiyowaka hutikisa gari kwa mdundo mzito ambao hauhusiani na kasi ya barabarani, na mara nyingi taa ya injini huwaka. Hilo hupatikana upesi.

Breki, na diski ambazo hazijapinda

Diski hulaumiwa kwa kupinda kwa joto, lakini kinachosikika kwenye pedali kwa kawaida ni unene usio sawa. Diski iliyofungwa kwenye habu yenye kutu huzunguka ikiyumba kwa sehemu ndogo sana za milimita, na kila inapozunguka sehemu moja hugusa pedi hata breki isipokanyagwa. Baada ya maelfu ya kilomita sehemu hiyo inakuwa nyembamba, na sasa kila unapofunga breki shinikizo linapanda na kushuka. Tofauti ya sehemu mbili kwa mia za milimita inaweza kutosha kusikika. Kubadilisha diski bila kusafisha habu ni kuupanda ugonjwa upya, na utarudi baada ya miezi kadhaa.

Kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, ikikwama ina saa yake: gari ni zuri mwanzoni, na baada ya safari ya dakika ishirini au thelathini usukani unaanza kutetema na gurudumu moja lina joto kali kuliko mengine. Sogeza mkono karibu na rimu bila kuigusa, utajua.

Ukibaki na shaka, inua gari, liweke kwenye stendi na kamwe si kwenye jeki pekee, na shika kila gurudumu juu na chini, kisha kushoto na kulia. Mchezo wa juu na chini huelekeza kwenye beringi au boljointi. Wa kushoto na kulia pekee huelekeza kwenye tairodi, fimbo inayounganisha usukani na gurudumu. Magari yenye ekseli nzima ya mbele yanahitaji ukaguzi huu zaidi ya mengine, kwa kuwa ulegevu mdogo kwenye tairodi au fimbo inayozuia ekseli kwenda upande unaweza kuufanya usukani ujipige kwa nguvu baada ya gurudumu kugonga shimo, na usitulie hadi gari lipunguze mwendo. Kufunga dampa mpya ya usukani, ile shokapu ndogo inayoutuliza, hukificha kilicholegea kwa muda.

Kazi ikishakamilika, rudi kwenye barabara ileile, na mzigo uleule, upepo uleule wa tairi, na mtu yuleyule akiwa amekaa kwenye kiti kilekile, kisha pitia kasi zote kuanzia 60 hadi juu ya ile iliyokuwa ikisumbua. Baada ya kilomita 50 hadi 100, zikaze nati za magurudumu tena kwa spana ya kipimo.